Posho ya safari si mshahara: jua ni wapi KRA inakata na ni wapi haikati

Jirani yangu mmoja hapa Changamwe ni dereva wa trela. Kwa zaidi ya miaka ishirini amekuwa akipeleka makontena Malaba na Busia, na mimi namwita Ami kwa heshima ingawa hatuna udugu wa damu. Disemba ya 2025 alinijia barazani baada ya swala ya Magharibi, mkononi ana karatasi ya mshahara aliyoikunja mara nne.

"Mwanangu, wewe ndiye mtu wa hesabu hapa mtaani. Nitazamie hii. Tajiri ananipa pesa ya kula njiani, halafu serikali nayo inatia mkono kwenye sahani yangu. Ndivyo sheria isemavyo?"

Si mara ya kwanza kuniuliza. Mwaka uliotangulia aliniuliza swali hilo hilo, nami nikamjibu bila hata kuishika karatasi: "Ami, ushuru ni ushuru, wewe lipa tu." Wakati ule jibu langu lilikuwa na ukweli ndani yake, japo nilimjibu kwa uvivu. Disemba hii halikuwa na ukweli tena, kwa sababu sheria ilikuwa imebadilika na mwajiri wake hakubadilika nayo.

Mimi ni mhasibu. Natunza vitabu vya biashara ndogo ndogo za Mombasa na Kwale: malori, magari ya watalii, maduka ya vifaa vya ujenzi. Swali la Ami huniijia kwa sura mbili. Mfanyakazi huuliza, "Mbona chakula changu cha safarini kinakatwa ushuru?" Mwajiri naye huuliza, "Mbona KRA imekataa gharama ya chakula nilichowalisha watu wangu?" Watu huyachanganya maswali haya mawili, na hapo ndipo pesa zinapopotelea. Leo nitayatenganisha.

Swali la mfanyakazi

Sheria ya Ushuru wa Mapato ya Kenya inasema hivi kwa maneno ya kawaida: mfanyakazi akipewa pesa za kujikimu kwa siku alizokuwa nje ya kituo chake cha kawaida cha kazi, akiwa katika shughuli rasmi ya mwajiri, sehemu ya kwanza ya pesa hizo kwa kila siku inahesabiwa kuwa ni kumrudishia alichotumia. Si mapato. Hajafaidika, amekula tu ili kazi iende. Kwa hivyo haitozwi ushuru.

Kwa miaka mingi sehemu hiyo ilikuwa shilingi 2,000 kwa siku. Kilichozidi hapo kiliunganishwa na mshahara na kukatwa PAYE kama mshahara wowote. Yeyote aliyelala Nakuru au Eldoret miaka ya karibuni anajua kwamba 2,000 ilikuwa imekwisha nguvu. Ukilipa chumba, ukala chajio na ukanywa chai ya asubuhi, hakuna kilichobaki.

Sheria ya Fedha ya 2025, ambayo Rais William Ruto aliitia sahihi mwezi wa Juni mwaka huo, ilipandisha kiwango hicho kutoka shilingi 2,000 hadi 10,000 kwa siku. Ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2025.

Sasa tazama karatasi ya Ami. Mshahara wake ni 42,000. Posho ya safari ni 3,000 kwa siku, na kwa mwezi huwa njiani kama siku 12, yaani 36,000. Mwajiri wake alikuwa bado anaacha 2,000 kwa siku na kutoza ushuru ile 1,000 iliyobaki. Elfu moja mara siku 12 ni 12,000. Kwa mshahara wake, shilingi ya juu kabisa anayopata inaangukia katika daraja la asilimia 30, kwa hivyo 12,000 hiyo ilikatwa 3,600 kila mwezi.

Hadi Juni 2025 makato hayo yalikuwa halali. Kuanzia Julai hayakuwa halali hata senti moja, maana 3,000 iko mbali chini ya 10,000. Julai hadi Novemba ni miezi mitano. Mara 3,600, ni 18,000.

Nilipomtajia jumla hiyo Ami alinyamaza. Kisha akasema, "Mwanangu, hiyo ni karo ya kitinda mimba wangu, na Januari ndiyo hii." Nami niliona haya, nikikumbuka nilivyomjibu mwaka uliotangulia.

Mambo manne ambayo watu hukosea

La kwanza. Shilingi 10,000 si haki ya kulipwa. Madereva kadhaa wameniambia, "Serikali imesema tulipwe elfu kumi." Haijasema hivyo. Sheria ya ushuru haimlazimishi mwajiri kulipa posho ya kiasi chochote. Inasema tu kwamba akilipa, hadi kiwango hicho kwa siku hakitozwi. Kiasi cha posho kinatokana na mkataba wako, makubaliano ya chama cha wafanyakazi, au sera ya kampuni.

La pili. Lazima uwe nje ya kituo chako cha kawaida cha kazi. Ukiwa karani wa ofisi Moi Avenue na kila mwezi karatasi yako ina mstari wa "pesa ya chakula cha mchana" shilingi 4,000, hiyo si posho ya safari. Ni pesa taslimu inayokuja na mshahara, na inatozwa ushuru yote. Kadhalika anayekaa Likoni na kufanya kazi Diani kila siku hayuko safarini, ingawa matatu anaipanda kila asubuhi.

Kwa dereva hapa pana mtego. Mtu anaweza kudai kwamba kazi ya dereva ni barabarani, basi barabara ndiyo kituo chake. Ndiyo maana nawaambia waajiri waandike wazi katika barua ya ajira kwamba kituo cha mfanyakazi ni Mombasa, kisha kila safari iwe na karatasi yake. Sentensi moja katika barua inaweza kuokoa mabishano ya miezi.

La tatu. Chakula anachotoa mwajiri kazini kina kanuni yake nyingine. Mwajiri akiwa na kantini, au akilipia chakula kwa mtu wa nje aliyesajiliwa kama mlipa ushuru, thamani ya chakula hicho haihesabiwi kuwa mapato ya mfanyakazi iwapo haizidi shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mtu mmoja. Hiyo ni 5,000 kwa mwezi. Zamani ilikuwa 48,000 kwa mwaka. Ilipandishwa na Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Ushuru ya 2024 iliyoanza tarehe 27 Disemba 2024.

Gawanya 5,000 kwa siku 26 za kazi, unapata kama shilingi 192 kwa siku. Hiyo inatosha wali maharagwe na chai. Pilau ya nyama na sharubati kila siku haitoshi. Angalia pia sharti la "aliyesajiliwa". Mama wa kibanda anayewapikia mafundi nje ya lango, kama hana PIN, chakula chake hakiingii kwenye kinga hii hata kikiwa kitamu namna gani.

La nne. Kuna waajiri wameshaanza ujanja. Mtu alikuwa na mshahara wa 60,000, sasa anaambiwa, "Tutakuandikia 30,000 mshahara na 30,000 posho ya safari, utaona mkono wako utakavyonenepa." Hasafiri kokote. Hapo KRA ikija, haitauliza mstari umeitwaje. Itauliza safari iko wapi. Mfanyakazi mwenyewe ameumia mara mbili, kwa sababu michango yake ya NSSF na malipo yake ya kuachishwa kazi yatakokotolewa kwa mshahara mdogo. Furaha ya leo italipiwa uzeeni.

Swali la mwajiri

Sasa tuhamie upande wa pili wa meza. Mteja wangu mmoja ana magari manne ya watalii. Madereva wake huchukua wageni kutoka hoteli za Diani na Nyali na kuwapeleka Tsavo, na mara nyingine Amboseli. Mwaka 2024 alikuwa akiwalipia madereva chakula na malazi njiani. Mwisho wa mwaka alinijia na mfuko wa plastiki uliojaa risiti. Jumla yake ilikuwa shilingi 310,000.

"Dada," nikamwambia, "gharama hizi ni halali. Lakini risiti zako si halali."

Alinitazama kama niliyemtukana.

Kanuni ya msingi ni hii. Gharama inaondolewa kwenye mapato ya biashara kabla ya kukokotoa ushuru iwapo ilitumika yote, na kwa ajili hiyo peke yake, katika kuzalisha mapato hayo. Sheria hiyo hiyo inakataza gharama za kibinafsi. Chakula cha hotelini kwa kawaida kinahesabiwa ni cha kibinafsi, lakini sheria imeacha milango wazi: safari za biashara, mafunzo, mikutano ya kazi, na chakula wanachopewa wafanyakazi katika majengo ya mwajiri.

Kwa hivyo chajio cha dereva huko Voi akisubiri wageni kinaondolewa. Chakula cha Jumapili cha tajiri na familia yake ufukweni hakiondolewi, hata kama alilipa kwa kadi ya kampuni na hata kama mezani walizungumza biashara nusu saa.

Kwa nini basi risiti za mteja wangu zilikuwa na kasoro? Kwa sababu ya sharti jingine lililoingizwa na Sheria ya Fedha ya 2023. Tangu tarehe 1 Januari 2024, gharama isiyo na ankara iliyotolewa kupitia mfumo wa kielektroniki wa KRA, tunaoujua kwa jina la eTIMS, haiondolewi kwenye hesabu, isipokuwa kwa malipo machache yaliyoachwa nje. Risiti zake zilikuwa za kuandikwa kwa mkono, nyingine zina muhuri tu, nyingine hazina hata jina la hoteli.

Hesabu ya hasara ni nyepesi. Kampuni hutozwa asilimia 30 ya faida. Shilingi 310,000 ikikataliwa, faida kwenye karatasi inapanda kwa kiasi hicho, na ushuru unaongezeka kwa 93,000. Ukichelewa kulipa, kuna faini ya asilimia 5 ya ushuru huo, yaani 4,650, na riba ya asilimia 1 kila mwezi. Watu wamekula kweli, wageni wamefika kweli, pesa zimetoka kweli, na bado biashara imelipa ushuru kama kwamba hazikutoka.

Njia tatu za kumlisha msafiri

Mwajiri ana njia tatu, na kila moja ina karatasi zake.

Njia ya kwanza ni kulipa hoteli moja kwa moja. Hapa dai ankara ya eTIMS yenye nambari ya PIN ya biashara yako. Kama biashara yako imesajiliwa kwa VAT, angalia jambo moja zaidi. Kwa kawaida VAT ya asilimia 16 unayolipa kwa chakula na malazi huwezi kuidai. Lakini sheria ya VAT inaruhusu pale ambapo aliyehudumiwa alikuwa mbali na kwake kwa shughuli za biashara au za mwajiri wake. Wengi huiacha pesa hiyo mezani kwa kutojua.

Njia ya pili ni mfanyakazi kulipa mfukoni mwake na kurudishiwa. Risiti ni ile ile ya eTIMS, na iwe na PIN ya kampuni, si ya dereva. Mfunze dereva aseme hivyo kabla ya kulipa. Akishaondoka na risiti isiyofaa, ni vigumu kumrudisha Mtito Andei kuibadilisha.

Njia ya tatu ni posho ya siku, kama anavyolipwa Ami. Hapa mwajiri analipa mfanyakazi, hanunui chakula hotelini. Malipo ya mfanyakazi ni miongoni mwa yale yaliyoachwa nje ya ulazima wa ankara ya eTIMS. Mwajiri haulizwi dereva alikula viazi karai kwa nani. Lakini ataulizwa kama safari ilikuwapo. Kwa hivyo weka karatasi ya safari yenye tarehe ya kutoka na kurudi, gari lipi, mzigo au wageni wepi, kiasi alicholipwa na sahihi yake. Weka pia sera iliyoandikwa ya viwango vya posho.

Mteja wangu angelitumia njia ya tatu mwaka ule, akawalipa madereva 2,000 kwa siku kwa vocha zilizotiwa sahihi, asingelihitaji risiti hata moja ya mkono, na madereva wasingelikatwa ushuru. Tangu 2025 ndivyo afanyavyo, na sasa nafasi ni kubwa zaidi kwa kile kiwango cha 10,000.

Na yule mama wa kibanda? Wengi wetu tunakula kwake, na sheria ya awali ilimsahau. Marekebisho yaliyoanza tarehe 27 Disemba 2024 yalifungua mlango. Ukinunua kwa mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi shilingi milioni 5, wewe mnunuzi ndiye unayetoa ankara kwa niaba yake katika mfumo. Ni kazi kidogo, lakini kwa mjenzi anayelisha vibarua 30 kila siku kutoka kibanda kimoja, kazi hiyo ina faida.

Tanbihi moja kwa wadogo kabisa. Kama biashara yako inalipa ushuru wa mauzo, ule unaotozwa kwa jumla ya mauzo na si kwa faida, basi gharama haziondolewi kabisa, za chakula wala za mafuta. Usihangaike kukusanya risiti kwa ajili ya ushuru huo. Zikusanye kwa ajili ya kujua kama biashara inakula au inaliwa.

Ukikatwa kimakosa

Mfanyakazi, anza kwa mhasibu wa kampuni, tena kwa upole. Mara nyingi si wizi. Ni programu ya mishahara ambayo hakuna aliyeigusa tangu kiwango kilipobadilika. Mpelekee karatasi zako na umuonyeshe siku ulizosafiri. Mwajiri anaweza kurekebisha ritani za miezi iliyopita. Isipofanyika, hakikisha fomu yako ya P9 inaonyesha ukweli kabla ya kujaza ritani yako ya mwaka ifikapo tarehe 30 Juni, maana hapo ndipo ushuru uliolipwa zaidi unapoonekana na kudaiwa.

Mwajiri, ukipata notisi ya KRA inayokataa gharama zako za chakula, usiiweke kwenye droo. Una siku 30 za kuwasilisha pingamizi, na KRA ina siku 60 za kuamua. Usiporidhika, unaweza kwenda katika Jopo la Rufaa za Ushuru ndani ya siku 30. Nimeona watu wenye haki kamili wakishindwa kwa sababu walikuja kwangu siku ya arobaini.

Maoni yangu ni mafupi. Kupandisha kiwango hadi 10,000 kulikuwa jambo la haki. Lakini manufaa yake yamewafikia haraka zaidi maafisa wenye posho nono kuliko dereva wa trela, kwa sababu afisa ana mtu wa kumsomea sheria. KRA inatutumia ujumbe wa simu kila tunapokaribia siku ya mwisho ya kulipa. Ingeweza pia kututumia mmoja, kwa Kiswahili, siku sheria inapotupunguzia. Na sisi wahasibu wa mitaani tuache kujibu watu bila kuzitazama karatasi zao. Najisema mwenyewe kwanza.

Ami alikwenda ofisini kwao Jumatatu, na ile karatasi ya hesabu niliyomwandikia. Mhasibu wao, kijana tu, aliitazama, akafungua kompyuta, akaomba radhi. Makato yalikoma kwenye mshahara wa Disemba, na akaahidiwa kwamba ile 18,000 itarudishwa kwa awamu mbili. Ya kwanza imeingia tayari. Ya pili bado anaingojea, na nimemwambia kila safari aandike tarehe zake kwenye daftari lake mwenyewe, asitegemee la kampuni.

Wazee wetu walisema mali bila daftari huisha bila habari. Ami sasa anatembea na daftari kwenye dashibodi ya trela. Tanboi wake naye kanunua la kwake.